Sahani Isiyo na Jina: Kutoka Makaburi ya Tongoni hadi Sahani za Harusi za Makorora



Ukifika mfungo mosi, harusi hufuatana kama mawimbi. Na siku hizi, katikati ya masanduku ya kanga, udi na marashi, kuna zawadi moja ambayo bibi harusi wengi wanaiomba: sahani nyeupe iliyochorwa kwa mkono, yenye jina lake na la mumewe, tarehe ya nikahi, na maua ya asumini yakizunguka ukingo. Haiwekewi wali. Hutundikwa ukutani au husimamishwa kabatini ili ikumbushe siku ile.

Wapo wanaoifurahia, na wapo wanaoguna. Hao husema ni mambo ya kuiga, kwamba bibi zetu hawakuwa na haya. Sisi tunaoandika ni wenyeji wa Makorora, mjini Tanga, ingawa nusu ya ndugu zetu wako Pemba na Unguja. Tunachora sahani hizi kwa mapenzi tu, baada ya kazi za nyumbani, na maneno hayo tumeyasikia mara nyingi. Ndiyo maana leo tumeona tukae na historia, tuulize: je, sahani ya kumbukumbu ni jambo geni kwetu?

Nguzo za Tongoni

Jibu la kwanza liko karibu sana na Makorora. Ukishika barabara ya Pangani, kilomita 17 hivi kusini mwa mji wa Tanga, utafika Tongoni. Hapo kuna magofu ya msikiti wa zamani na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Ni moja ya mahali penye makaburi ya nguzo mengi zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ndugu zetu wa Pemba wanayajua makaburi ya namna hii, maana yako Ras Mkumbuu pia.

Ukizitazama nguzo za Tongoni kwa karibu utaona mashimo ya mviringo yaliyochongwa kwa makini. Hayo yalikuwa makao ya sahani na bakuli. Wazee wa karne ya 14 na ya 15 walichukua vyombo vya kaure vilivyotoka mbali, vyombo vya thamani ambavyo mtu angevitamani mezani kwake, wakavijenga ndani ya chokaa ili vimkumbushe mpita njia kwamba hapa amelala mtu wa heshima. Desturi hiyo ilikuwako pia Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui karibu na Malindi.

Tunajua kwamba wanazuoni wetu wamekataza kuyajenga na kuyapamba makaburi, na hatuyataji haya ili yaigwe. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha kitu kimoja wazi: miaka mia sita iliyopita, mtu wa pwani hii alipotaka mwenziwe asisahaulike, alitafuta sahani.

Lakini simama hapo Tongoni uulize ni nani aliyelala chini ya nguzo hii. Nguzo hazisemi. Sahani nazo zimeng'olewa, yamebaki mashimo. Mji huu wa zamani Wareno waliuita Mtangata. Mwaka 1499, Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, mabaharia wake hawakutosha tena kuendesha merikebu zote, akaamuru moja ichomwe moto karibu na hapo. Merikebu hiyo iliitwa São Rafael. Tunalijua jina lake kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeliandika. Tunalijua jina la mbao zilizoungua baharini, na hatuyajui majina ya mama na baba waliolala nchi kavu chini ya kaure nzuri kuliko zote za zama zao.

Buluu iliyosafiri

Sahani hizo zilitoka wapi? Pwani yetu haikuchoma kaure. Tulikuwa na ufinyanzi wetu, vyungu na vikaango, na hadi leo kazi hiyo imo mikononi mwa wanawake. Huko Usambara, milima ya mkoa wetu wa Tanga, ufinyanzi ni kazi ya mama na binti. Vyombo vya kung'aa vilikuja na majahazi.

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na China, vya tangu karne ya 8 na ya 9. Katika karne hiyo ya 9, wafinyanzi wa Basra huko Iraq walipenda weupe wa vyombo vya China wakauiga kwa ufinyanzi wao, kisha wakachora juu yake kwa rangi ya buluu itokanayo na madini ya kobalti. Miaka mia tano baadaye, mji wa Jingdezhen nchini China ukawa mashuhuri kwa kaure nyeupe yenye michoro ya buluu, na kobalti nzuri ya kuchorea ilitoka Uajemi. Wakati wa mfalme Zhengde, aliyetawala kuanzia 1505 hadi 1521, zilichorwa huko hata kaure zenye maandishi ya Kiarabu na Kiajemi.

Kwa hiyo hiyo buluu tunayoiita ya Kichina ilipita mikononi mwa Waislamu kabla ya kuifikia China, kisha ikarudi kwetu na pepo za kaskazi. Mortimer Wheeler, bingwa wa akiolojia kutoka Uingereza, alipoitembelea pwani hii mwaka 1955 alistaajabu kwa wingi wa vigae alivyoviona ardhini, akasema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kaure ya Kichina.

Ni kweli, ila imeandikwa bila majina.

Bibi harusi mbele ya zidaka

Msidhani sahani zilikuwa za makaburi tu. Zilikuwa za walio hai zaidi, na hasa zilikuwa za wanawake.

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa, kile cha mama mwenye nyumba, kilikuwa na ukuta mzima wa zidaka. Ni vishubaka vidogo vidogo vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, na ndani yake zilipangwa sahani na bakuli za kaure. Bibi harusi alipotolewa ili wanawake waje wamtazame, alikaa amepambwa katika nyumba hiyo yenye ukuta huo. Hina mikononi, dhahabu kifuani, kaure nyuma yake.

Mtafiti Linda Donley, aliyefanya kazi Lamu miaka ya 1980, aliandika kwamba watu walizihusisha sahani hizo na kinga dhidi ya kijicho: jicho baya likitua, litue kwenye sahani. Sisi tunajua mwenye kukinga ni Allah peke yake, na tumefundishwa kusoma Al-Falaq na An-Nas. Hata hivyo kuna jambo la kuzingatia katika desturi ile. Sahani haikuwa chombo cha jikoni. Ilikuwa shahidi wa harusi, na ilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Sahani inayoandikwa ikafutwa

Kuna sahani nyingine ambayo kila mtoto wa Tanga na wa visiwani anaijua, nayo ni ya kombe. Mwalimu huchukua sahani nyeupe, akayayusha zafarani, akaandika aya za Qur'ani kwa kijiti au kalamu. Kisha maandishi huoshwa kwa maji, pengine na marashi, na mgonjwa akanywa. Mtafiti Hanna Nieber ameandika kuhusu desturi hii mjini Zanzibar.

Hatuingii leo katika maneno ya wanazuoni juu ya kombe. Tunaitaja kwa sababu inavunja ule usemi kwamba kuandika kwenye sahani ni jambo la kigeni. Mkono wa Mswahili umekuwa ukiandika kwenye sahani tangu zamani. Tena ulimwengu wa Kiislamu kwa jumla umefanya hivyo. Katika karne ya 10, wafinyanzi wa Nishapur huko Uajemi na wa Samarkand walitengeneza sahani nyeupe zenye mapambo machache sana. Pambo kubwa lilikuwa maandishi ya Kikufi yaliyozunguka ukingo, yenye kumwombea baraka mwenye chombo au kumkumbusha ukarimu, elimu na subira. Fikiria mgeni anakula, na chakula kinapopungua maneno mema yanajitokeza.

Basi kwetu tulikuwa na sahani za aina mbili. Ipo iliyojengwa ukutani ikadumu, lakini haina neno. Na ipo yenye maneno, lakini maneno yake huoshwa siku ile ile. Iliyodumu na jina la mtu juu yake ndiyo iliyokosekana.

Mali bila daftari

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tazameni tofauti iliyoletwa na maandishi machache.

Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao sehemu yake kubwa ilijengwa upya katika karne ya 18. Lakini karibu na mihrabu pamebaki maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na jina la aliyeamuru ujengwe. Kwa sababu ya mistari hiyo tu, ulimwengu mzima unajua kwamba Waislamu wa Unguja walikuwa wakiswali hapo zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alifukua mji mzima kuanzia 1948 hadi 1958. Nyumba moja hapo inaitwa Nyumba ya Bakuli la Kaure, kwa kuwa jina la mwenyewe halikujulikana, likabaki la bakuli lake. Lakini katika mji huo huo kuna kaburi lililoandikwa tarehe, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Tarehe hiyo moja iliwasaidia wataalamu kuupanga mji wote katika wakati wake. Bakuli lilitoa uzuri. Tarehe ilitoa historia.

Geuza sahani ya bibi yako

Tuje karibu na zama zetu. Katika karne ya 19, wakati wa karafuu, sahani za kutoka Ulaya zilianza kujaa Unguja, Pemba na mrima wote. Nyingi zilitoka Uingereza, na nyingine mji wa Maastricht nchini Uholanzi, katika kiwanda cha Petrus Regout kilichoanza miaka ya 1830. Zilikuwa na rangi za kuchangamka: mistari iliyopakwa kwa mkono, na maua yaliyopigwa kwa sifongo iliyokatwa umbo, ikachovywa rangi, ikagongwa kwenye chombo. Mtafiti Sarah Croucher alipochunguza mashamba ya zamani ya karafuu visiwani alivikuta vigae vya sahani hizo za Ulaya. Ni sahani za watu wa kawaida, zilizoliwa, zikavunjika, zikatupwa jaani.

Kama nyumbani kwenu imebaki moja, nenda kaigeuze leo. Huenda ukaona chapa ya kiwanda chini yake. Zile za Regout nyingi zina picha ya sphinx, yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Mwenye kiwanda alihakikisha jina lake linafika hadi kabatini kwa bibi yako. Bibi yako, ambaye aliipata siku ya harusi yake, akaipangusa vumbi miaka 40, akaificha kila wageni wenye watoto watundu walipokuja, jina lake halipo popote juu yake.

Ndiyo maana ni rahisi kuiuza. Anakuja mnunuzi wa vitu vya kale, anauliza, "Hii ya nani?" Kijana wa nyumba anajibu, "Ya zamani tu." Na kitu cha zamani tu hakina mtetezi. Kingekuwa na jina la bibi, mkono wa kukitoa ungetetemeka.

Kwingine wanawake waliliona hili mapema. Nchini Marekani, katika mji wa Cincinnati, akina mama wa karne ya 19 walianza kuchora sahani majumbani kwa kujifurahisha tu. Mary Louise McLaughlin alitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo mwaka 1877, na mwaka 1880 Maria Longworth Nichols akaanzisha kiwanda cha Rookwood, kilichokuja kujulikana ulimwenguni. Wachoraji wa Rookwood, wengi wao wanawake, walitia alama ya herufi za majina yao chini ya chombo. Kwa hiyo hata leo chombo kikiokotwa, mchoraji anajulikana.

Tunavyofanya Makorora

Sisi hatuna kiwanda. Tuna mkeka, baraza na alasiri. Sahani tunanunua nyeupe tupu, zile za kung'aa zisizo na ufa. Tunaziosha kwa sabuni, tunazikausha, kisha tunazipangusa kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya vidole tu yanatosha kuizuia rangi isishike. Tunachora kwanza kwa penseli au kwa karatasi ya kaboni, ndipo tunapaka.

Mkono unaochora piko na hina haupati tabu hapa. Ua la hina likitoka kiganjani huingia kwenye ukingo wa sahani bila kubadilika: mkunjo ule ule, majani yale yale, nukta zile zile. Wasichana wanaochora mabibi harusi ndio wanaofahamu upesi zaidi. Wanachojifunza upya ni kwamba sahani haina joto la ngozi, na brashi haitaki haraka.

Kuhusu rangi, tuwe wakweli. Kaure ya kiwandani iliyochorwa juu ya mng'ao wake huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 700 ili rangi iyeyuke na kushikana. Hatuna tanuri hilo. Zipo rangi maalumu za kauri zinazoiva kwenye oveni ya nyumbani, kwa kawaida nyuzi 150 hadi 160 kwa muda wa nusu saa na kidogo zaidi. Fuata maelezo ya kichupa chako. Acha sahani ikauke siku nzima kwanza. Iingize oveni ikiwa baridi, ipande joto pamoja nayo, na usiitoe mpaka oveni ipoe, la sivyo itapasuka. Ama rangi ya mafuta ya milango, hiyo ni ya sahani ya kutundika tu. Usile juu yake, wala usimpe mtu atakayekula juu yake.

Wengi huomba tuandike aya ya 21 ya Surat Ar-Rum, ile inayosomwa kwenye harusi zetu kwa kutaja mapenzi na huruma kati ya mume na mke. Tunaiandika kwenye sahani ya kutundika juu, mahali pa heshima, na tunamhimiza mwenyewe amwonyeshe mwalimu wa Qur'ani mchoro kabla haujapakwa, kwa sababu nukta moja ikikosewa maana hubadilika. Kwenye sahani itakayoweza kuwekwa chakula au kuachwa kwenye karo, aya hatuiandiki.

Upande wa nyuma

Turudi kwenye swali letu. Wanaosema bibi zetu hawakuwa na sahani za kumbukumbu hawajafika Tongoni wala hawajayaona zidaka ya Lamu. Sahani kama shahidi ni yetu tangu karne nyingi. Jambo jipya ni moja tu, nalo ni jina, na hilo ndilo lililokuwa likipungua.

Kwa hiyo, dada yetu unayejiandaa kuolewa, ukipewa sahani ya kumbukumbu usiridhike na uzuri wa mbele. Igeuze. Upande wa nyuma uandikwe jina lako kamili na la baba yako, jina la mama yako, na la somo aliyekufunda. Uandikwe mtaa na mji. Uandikwe tarehe ya Hijria na ya Miladia, zote mbili. Na aliyechora atie jina lake, hata kwa herufi ndogo pembeni.

Na kama harusi yako ilishapita, au umerithi sahani ya zamani, hujachelewa. Huna haja ya kuipaka rangi mpya na kuiharibu. Andika kwenye karatasi ndogo: ya nani, ilitoka wapi, alipewa lini, na nani. Ibandike nyuma kwa gundi nyepesi, au iweke ndani ya bahasha pamoja nayo. Muulize mama leo, na bibi kama Allah bado amekuachia, maana habari hizo hazimo kwenye kaure. Zimo vifuani mwao.

Sahani zitavunjika, hilo halina shaka. Zimevunjika za wafalme. Lakini kigae chenye nusu ya jina kitamwambia mjukuu mambo ambayo nguzo nzima ya Tongoni imeshindwa kutuambia.

Allah azibariki ndoa zenu, awakutanishe na waume zenu katika kheri, na awarehemu mabibi zetu wote, wale tunaowajua kwa majina na wale ambao majina yao anayajua Yeye peke yake. Amin.